Mbeleko na Mikanda ya Magunia

Naitwa Otilia, ni mkazi wa Ifakara, na kazi yangu ni kuendesha kirikuu, yale magari madogo ya mizigo yenye viti viwili mbele na bodi nyuma. Nabeba mpunga, mchele, ndizi, hata makabati ya maharusi. Haya ninayoyaandika yalinipata mimi na mtoto wangu wa kunyonya. Nimeyaandika kwa ajili ya mama yeyote anayeshika usukani akiwa na kichanga ndani ya gari, na pia kwa ajili ya yule aliyeko wodini sasa hivi, ameketi pembeni ya kitanda cha mwanawe, hajui kesho itakuwaje. Na mimi niliketi hapo.

Sikusoma sana. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Fabiani, na Gaudensia ambaye wakati huo alikuwa bado anaogopa kwenda chooni peke yake. Baada ya matanga ndugu walikaa kutugawana. Fabiani aende Mchombe, Gaudensia aende Mahenge kwa shangazi, mimi nitafutiwe kazi za ndani. Nikawaambia hapana, sisi tutabaki hapa hapa. Sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa nimechoka tu kuona watu wakiondoka kwenye ile nyumba.

Kirikuu cha baba kilikuwa nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani yake. Baba alinifundisha kuendesha nikiwa mdogo, kwenye majaruba yaliyokauka baada ya mavuno, mahali ambapo huwezi kumgonga mtu. Nilipofikisha umri nikachukua leseni. Watu walicheka sana. Vijana wa mashineni, kunakokobolewa mpunga, walinipa jina la Dereva Gauni. Nikipita wanapiga mluzi: "Dereva Gauni, angalia gauni lisinase kwenye gia!" Niliwaacha wacheke. Gari lilitulisha, likamsomesha Gaudensia, na Fabiani akawa mpakizaji wangu.

Baadaye niliolewa na Deo, ambaye anafanya kazi kwenye mashamba ya miti huko Uchindile na huja nyumbani akipata ruhusa. Tukapata mtoto wa kike. Nilimpa jina la marehemu mama, Leokadia, tukawa tunamwita Leka. Lakini wadogo zangu walimwita Mama. Ungemsikia Gaudensia akipiga kelele uani, "Dada, Mama amekula udongo!", ungedhani tumerukwa na akili.

Leka alipozaliwa alipata zawadi mbili ambazo zinahusika na habari hii.

Ya kwanza ilitoka kwa Shangazi Kresensia, dada yake baba. Kwetu shangazi ndiye anayeleta mbeleko ya kwanza. Alikuja nayo kutoka Mahenge, kitambaa kizito cha rangi ya kahawia kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mbuzi. Alinifunga yeye mwenyewe, akamweka mtoto mgongoni, akavuta fundo.

"Kitambaa hiki kilimbeba baba yako," alisema. "Kimepanda milima na kuvuka mito. Hakijawahi kuangusha mtoto."

Ya pili ilitoka kwa Deo. Aliinunua mnadani kwenye mitumba: kiti kidogo cha plastiki chenye sponji, kina mgongo mrefu na mikanda inayokutana tumboni. Muuzaji alimwambia ni kiti cha kulia uji. Kweli kilimfaa Leka. Tulimweka jikoni, akawa anakaa kama mwenyekiti wa kijiji huku akipakwa uji mashavuni. Mikanda yake ilitusumbua kwa sababu ilishika uchafu wa uji. Siku moja Fabiani akaikata kwa kisu.

"Dada, hii ni mikanda ya kweli," alisema akiivuta kwa mikono miwili. "Hii haikatiki hata ukimfunga nyati. Nafungia magunia."

Tulicheka. Akaiunganisha na kamba zake, ikawa ndiyo ya kukaza mzigo nyuma ya gari.

Sasa Leka alipoanza kukaa nilirudi kazini. Swali likawa, mtoto abaki na nani? Gaudensia alikuwa kidato cha tatu. Akaniambia, "Dada, mimi naweza kupumzika shule mwaka huu. Nitarudia." Nilimkatalia hata kabla hajamaliza kusema. Hakuna mdogo wangu atakayeacha shule kwa ajili ya mtoto wangu. Basi nikawa namchukua Leka. Nilimfunga kifuani kwa mbeleko ya shangazi, ananitazama, miguu imenizunguka kiunoni. Halafu nikavuta mkanda wa gari na kuupitisha juu yetu wote wawili. Niliona nimefanya jambo la busara kuliko akina mama wote wa bonde hili. Hata askari mmoja wa barabarani alinisimamisha, akatuangalia, akatabasamu: "Mama, umejifunga na mzigo wako. Nenda salama." Mtoto alilala kwa joto la mwili wangu na mngurumo wa injini. Akitaka kunyonya, ziwa liko hapo hapo.

Ilikuwa msimu wa mavuno. Nilikuwa nimepakia mpunga Kisawasawa naurudisha Ifakara, mashineni, na Fabiani alitangulia kwa pikipiki kwenda kutafuta nafasi ya kukoboa. Kabla hajaondoka alikaza mzigo. Jua lilikuwa kali na barabara nzuri. Mnaoishi huku mnajua, tangu lami ije tumepata uwanja wa kuanikia mpunga ambao hatukuwa nao. Lami inakausha kwa siku moja kile ambacho turubai la uani linakausha kwa siku tatu. Kila mtu anaanika pembeni ya barabara, na pembeni pakijaa, mpunga unasogea ndani kidogo kidogo.

Mbele yangu upande wa kushoto alikuwepo bibi mmoja akigeuza mpunga wake kwa miguu, anaburuta nyayo, amenipa mgongo. Nilipiga honi. Akashtuka, na badala ya kuruka kwenda majanini akaruka kuja barabarani. Nikakata kushoto kumkwepa. Magurudumu yakapanda juu ya mpunga. Nilikuwa sijui, lakini sasa najua, kwamba punje kavu juu ya lami ni sawa na gololi. Breki zilishika, magurudumu yakasimama, gari likaendelea.

Sikwenda kasi. Hilo nalisema kwa sababu kila mtu aliniuliza. Gari liliteleza kama mtu aliyekanyaga sabuni, likagonga ukuta mfupi wa kalavati, likakoma.

Nilisikia kitu kikivunjika begani kwangu, sauti kama ya kijiti kikavu. Pumzi ikakata. Redio ilikuwa bado inaimba.

Nikatazama kifuani. Mbeleko ilikuwa pale. Fundo lilikuwa halijalegea hata kidogo. Ndani hamna mtoto.

Alikuwa chini kwenye pedeli. Alitoka kwa chini ya kitambaa kama mche wa sabuni unavyotoka kwenye mkono wenye maji. Hakulia. Kisha akalia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote niliowahi kuusikia kanisani, mpaka nilipouona mguu wake wa kushoto. Paja lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi.

Mkono wangu wa kulia haukuinuka. Yule bibi ndiye aliyefungua mlango. Mikono yake ilijua kazi. Alimchukua Leka kwa kumtelezesha juu ya khanga yake, bila kumnyanyua kwa kwapa. Mwanamume mmoja aliyekuja mbio akasema, "Mleteni nimnyooshe haraka kabla hakujavimba."

"Usimguse!" bibi akafoka. "Ataenda hivyo hivyo alivyo. Wewe simamisha gari!"

Gari la kwanza lililopita lilisimama, likatupeleka hospitali Ifakara. Njia nzima bibi alimshikilia mtoto amelala bapa mapajani mwake, naye akirudia neno moja tu: "Nisamehe, mwanangu, nisamehe, mwanangu." Sikujua anamwambia mtoto au mimi.

Hospitali walitupiga picha. Mimi nilivunjika mtulinga wa kulia, yaani ule mfupa wa mbele ya bega, na mbavu mbili. Ziwa la kulia lilikuwa jeusi kama bilinganya pale mkanda ulipopita. Leka alivunjika mfupa wa paja. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alimbonyeza tumbo muda mrefu, akamwangalia macho, akamgusa utosi. Mwishoni akashusha pumzi.

"Mama Leka, alikuwa amekaa wapi?"

"Kifuani kwangu, dokta. Nilimfunga kwa mbeleko, na mkanda wa gari juu yetu wote wawili."

Akavua miwani, akaifuta. Nafikiri alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kunimaliza. "Gari likisimama ghafla, mwili wako unaendelea kwenda mbele. Unakuwa mzito kuliko gunia la mpunga. Mbele yako alikuwepo nani?"

Nilitazama kitanda alicholala Leka.

"Ulimweka mtoto kati yako na usukani. Pasipo kujua, ulimfanya godoro lako. Tumshukuru Mungu alichoropoka. Angebaki pale alipokuwa, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Nilikuwa nimejivunia ule mkanda kwa miezi. Nililia mpaka mbavu zikanikataza kulia.

Matibabu ya kichanga aliyevunjika paja ukiyaona mara ya kwanza unaweza kuyakimbia. Walimfunga miguu yote miwili, mzima na mbovu, kwa plasta na bandeji, wakaivuta juu kwa kamba zilizopita kwenye chuma cha kitanda. Alilala chali, miguu ikielekea darini, makalio yameinuka kidogo kiasi cha kupitisha kiganja chini yake. Uzito wa mwili wake mwenyewe ndio uliokuwa unauvuta mfupa urudi mahali pake. Angekaa hivyo wiki kadhaa. Nesi Editha, aliyekuwa zamu ya mchana, alitufundisha kutazama vidole vya miguu kila wakati. Viwe vya pinki, viwe na joto. Vikibadilika, tupige kelele.

Siku ya pili Shangazi Kresensia aliwasili kutoka Mahenge akiwa bado na vumbi la safari. Tulimwamkia shikamoo, hakuitikia. Aliitazama ile miguu iliyoning'inia, akashika kichwa.

"Mmemtundika mtoto kama kuku wa mnadani!"

"Shangazi, ndiyo dawa yake," Gaudensia akasema.

"Dawa gani? Yupo mzee kwetu anafunga mifupa kwa vijiti na mafuta, mtu anatembea. Nimekuja kumchukua." Kisha akaiona mbeleko yake imekunjwa juu ya kabati la kitanda. Sauti ikamshuka. "Hiki kitambaa hakijawahi kuangusha mtoto, Otilia."

Hapo nilielewa kwamba kilichomuuma kilikuwa zaidi ya mguu. Lakini sikuwa na nguvu za kumbembeleza. Nilimwambia tu, "Shangazi, ukimtoa mtoto hapa, nitoe na mimi kwanza." Akakaa kwenye benchi, akakataa kuondoka, akakataa kusema.

Halafu mambo yakaharibika. Leka aliacha kunyonya. Kumnyonyesha mtoto aliyening'inizwa miguu maana yake ni mama kuinama juu yake, kwa sababu huwezi kumpakata. Nilijaribu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, na nikiegemea mkono wa kushoto mbavu zilinichoma kama kisu cha moto, naanguka ubavu kabla hajashika chuchu. Nilimkamulia kwenye kikombe tukampa kwa kijiko, akatema. Ziwa la kulia likavimba likawa gumu kama jiwe, nikapata homa. Yeye naye akapata homa. Kifua kikaanza kukoroma. Daktari alisikiliza, akasema ni nimonia, imempata kwa kulala chali. Akawekewa oksijeni, akaanzishiwa sindano.

Alikonda usoni kwa haraka nisiyoweza kuisimulia. Macho yakawa makubwa. Asubuhi moja alikuwa amelegea kiasi kwamba Gaudensia alimwita, "Mama, Mama," na wagonjwa wengine wakageuka, wakidhani tunamlilia mtu aliyefariki. Nami niliusikia ule wito kama nilivyousikia zamani, kwenye chumba kingine, juu ya kitanda kingine. Mama mmoja nilishamzika. Huyu wa pili nilimwomba Mungu aniachie.

Nesi Editha alikuja akatuambia bila kuzunguka: "Sindano inafanya kazi yake. Lakini anahitaji maziwa, tena ayanyonye mwenyewe, yampe nguvu. Lazima tutafute njia mama ainame."

Tukajaribu mito. Tukajaribu kiti. Gaudensia akanishika kiuno, akashindwa uzito. Ndipo Shangazi aliponyanyuka kwenye benchi. Alichukua mbeleko yake juu ya kabati, akaikunjua, akaipitisha kwenye nyonga zangu, chini ya mbavu zilizovunjika, akakamata ncha zote mbili nyuma yangu kama hatamu.

"Panda kitandani, piga magoti," aliniambia. "Inama. Usijishikilie. Nimekushika mimi."

Niliinama. Alivuta nyuma huku nikienda mbele, polepole, uzito wangu wote uko kwenye kile kitambaa. Ziwa la kushoto likafika mdomoni kwa Leka. Alilisukuma kwa ulimi. Akalisukuma tena. Kisha akashika.

Mama wa kitanda cha jirani akasema: "Jamani, hii ni kama kuvusha ng'ombe mtoni."

"Nimeshika jembe la ng'ombe msimu mzima," Shangazi akajibu akihema, miguu ameitanua, "lakini ng'ombe yule hakuwa mzito hivi. Otilia, unakula nini?"

Wodi nzima ikacheka. Nilicheka na mimi, na mbavu zikaniadhibu, na machozi yakamdondokea Leka utosini, naye hakuacha kunyonya. Tulifanya hivyo kila baada ya saa chache, mchana na usiku, Shangazi na Gaudensia wakipokezana ncha za mbeleko. Ziwa la kulia nalo likalegea, homa yangu ikashuka. Baadaye ikashuka na yake. Habari ya mzee wa vijiti haikutajwa tena. Siku vidole vya Leka vilipogeuka samawati kwa sababu bandeji ilikaza, Shangazi ndiye aliyeviona, akapiga kelele hadi koridoni, na manesi wakaja wakalegeza. Aliwaambia manesi wa zamu mpya, kama mwenye wodi: "Vidole viwe vya pinki, viwe na joto. Msisahau."

Sasa niseme habari ya mikanda.

Leka alipoanza kutabasamu tena, Nesi Editha alikaa na sisi wakati wa mchana. Fabiani alikuwepo, amekuja kutuletea uji. Nesi akafungua simu akatuonyesha picha.

"Mtoto wa umri huu kwenye gari anakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Kiti kinafungwa na mkanda wa gari, na mtoto anafungwa na mikanda ya kiti. Anatazama nyuma, mgongo wake uelekee mbele, ili gari likisimama ghafla mgongo wa kiti ndio umpokee. Vipo hata kwenye mitumba."

Gaudensia akaichukua simu. "Hiki tunacho!" alisema kwa furaha. "Si kile cha Mama cha kulia uji?"

Kisha furaha ikamtoka usoni, kwa sababu alikumbuka, na sisi sote tukakumbuka. Fabiani aliweka birika chini akatoka nje.

Alirudi baadaye macho mekundu. Alikuwa mtu wa kwanza wa nyumbani kufika pale kwenye kalavati siku ya ajali, wakati sisi tumeshapelekwa hospitali. Alikuwa hajatueleza alichokikuta.

"Dada," alisema, "magunia yote yalikuwa pale pale. Hata moja halikusogea. Mikanda ilikuwa imekaza kama nilivyoiacha. Niliona nikajisifu, kabla sijajua habari ya Mama. Nilijisifu, dada."

Nilimvuta kwa mkono wangu mzima nikamketisha kitandani. Sikuwa na cha kumlaumu. Siku alipoikata ile mikanda nilikuwepo, nilicheka, nikamwambia ni wazo zuri. Muuzaji hakujua, Deo hakujua, askari aliyetutabasamia hakujua. Sote tulimpenda yule mtoto, na sote tulijua kufunga mpunga vizuri kuliko kumfunga yeye.

Walimshusha Leka miguu baada ya picha kuonyesha mfupa umeshika. Paja lilikuwa na kinundu unachoweza kukihisi kwa kidole, na mguu ulionekana mfupi kidogo. Nilimuuliza daktari kama atatembea. Alisema, "Mifupa ya watoto inajinyoosha yenyewe inapokua. Mpe muda. Usimlazimishe." Deo alikuwa amefika kutoka Uchindile, akambeba hadi nje ya geti, na kila hatua aliweka mguu chini kana kwamba anakanyaga mayai.

Tulisubiri. Watoto wa majirani wa umri wake walisimama, yeye akawa anatambaa kwa kuburuta kalio. Watu walisema maneno. Mimi nilimpaka mafuta, nikamwacha acheze. Siku aliyosimama nilikuwa napepeta mchele uani. Alishika ukingo wa ungo, akanyanyuka, akaniangalia kana kwamba nimemuudhi, halafu akaachia. Hatua moja. Akakaa kwenye mchele. Shangazi, aliyekuwa bado hajarudi Mahenge na mpaka leo hajarudi, alipiga kigelegele mpaka fundi baiskeli wa jirani akaja kuuliza kama tuna harusi. Leo Leka anakimbia. Anachechemea kidogo akichoka, na bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, basi.

Ile mikanda iliyokatwa hatukuishona. Nesi Editha alituonya kwamba mkanda uliokatwa na kushonwa hauaminiki. Deo alizunguka mnadani mpaka akapata kiti kingine, mikanda mizima, plastiki haina ufa, bakoli ya kubania mikanda inalia kah! ukiifunga. Leka alipokuwa bado mdogo tulikifunga kwenye kiti cha abiria, uso wake unatazama nyuma. Kirikuu chetu hakina ule mfuko wa hewa unaofumuka mbele ya abiria. Gari lako likiwa nao, usimweke mtoto mbele kabisa, mweke kiti cha nyuma. Akitaka kunyonya, nilisimama pembeni, nikazima injini. Mpunga unasubiri. Vijana wa mashineni walianza tena: "Dereva Gauni ana abiria wa daraja la kwanza!" Nikawaonyesha kinundu cha paja. Mmoja wao ana mtoto mchanga. Aliniuliza kwa sauti ya chini viti hivyo vinapatikana upande gani wa mnada.

Dada yangu unayesoma, kama huna kiti, siku hiyo mwache mtoto na mtu unayemwamini, hata ukichelewa, hata wakikununia. Usimfunge kifuani ukashika usukani. Mikono yako haina nguvu unazodhani inazo, na upendo wako hausimamishi gari. Na sisi wa mpunga tuurudishe uani. Yule bibi wa Kisawasawa alikuja kutuona wodini na mchele mpya na khanga ya Leka, na siku hizi anaanika nyuma ya nyumba yake, anakausha kwa siku tatu. Namshukuru. Namshukuru Mungu, daktari mwenye miwani, Nesi Editha, na Gaudensia ambaye alikuja wodini na madaftari yake na hakuacha shule.

Jumapili iliyopita tulikwenda wote kanisani, mimi na Leka kwa kirikuu, wengine kwa miguu. Shangazi alikaa nyuma kwenye bodi? Hapana, nilimkatalia hilo pia. Alitangulia kwa miguu na mbeleko begani. Tulimkuta mlangoni anatusubiri. Nilizima injini, nikafungua bakoli ya Leka, kah! Shangazi akageuka akainama, akanipa mgongo.

"Niletee mtoto," alisema. "Hapa sasa ni zamu yangu."

Akamfunga, akavuta fundo, wakaingia ndani kwa miguu.